Televisheni Iliyopoteza Nyekundu

Vijana wangu wa karakana, siku niliyowakabidhi funguo mlinipa keki, kanga doti moja na hotuba ndefu isiyokuwa na ukweli mwingi. Mlisema mimi ni mpole. Kisha mkaniomba niandike habari za miaka yangu ya kazi ili zisipotee. Haya, nimekaa barazani kwangu hapa Ipagala, miguu juu ya stuli, naandika. Sitaeleza nilipata nini, maana fundi televisheni wa Chang'ombe hapati pensheni, anapata maumivu ya mgongo. Nitaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na habari za ile televisheni ya mbao iliyoko sebuleni kwangu, ambayo kila mkija mnaniuliza kwa nini simruhusu mtu aiguse.

Karakana niliingia kwa ubishi. Redio ya baba ilikuwa imelala kwa fundi Mzee Swalehe tangu kiangazi, na kila nikitumwa kuifuata naambiwa bado. Siku moja nikamwambia, "Basi nionyeshe ilipofia, nitaitengeneza mwenyewe." Mzee Swalehe alikuwa Mrangi wa Kondoa, mfupi, kofia yake haivuki masikio, miwani imefungwa kwa waya wa shaba. Alicheka mpaka miwani ikaanguka. Nilipoiokota na kumrudishia, hakucheka tena. Alinionyesha. Redio ikaimba kabla ya adhuhuri, na kesho yake nikarudi bila kutumwa na mtu.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa brashi. Fundi wa Dodoma ambaye hajui brashi hajui kitu, kwa sababu vumbi letu linaingia hata kwenye yai. Nilikuwa nafungua mgongo wa televisheni, nafagia vumbi, buibui na mijusi, na mara moja nilikuta humo kitasa cha mlango ambacho mpaka leo sijui kilipitia wapi. Nikimaliza kufagia, Mzee Swalehe ananiambia, "Usishike mita. Nusa kwanza." Nilinusa. Alinifundisha kutofautisha harufu ya transfoma iliyoungua, ya plastiki iliyopata joto, na ya mjusi aliyekufa kwa shoti. Nyinyi leo mnachomeka simu kwenye mashine, simu inawaambia ugonjwa. Sawa. Lakini pua yangu haijawahi kuisha chaji.

Kitu cha pili alichonifundisha ni woga. Chupa ile kubwa ya kioo, yenye picha mbele na shingo nyembamba nyuma, hubaki na umeme mkali hata baada ya kuzimwa na kuchomolewa. "Hii ni mama mkwe," Mzee Swalehe aliniambia. "Akinyamaza, usimsogelee kabla hujajua moyoni kuna nini." Nilicheka. Siku chache baadaye nilisahau, nikaingiza mkono, nikajikuta nimekaa juu ya ndoo ya maji upande wa pili wa karakana. Mama mkwe niliyekuja kumpata baadaye alikuwa mtu mwema sana, lakini kwa sababu ya ndoo ile nilimwogopa bure.

Halafu kioo cha kujitazamia. Vifaa vyangu vilikuwa bisibisi, pasi ya kulehemu, mita, na kioo kikubwa cha kuchania nywele. Televisheni za zamani zilirekebishwa kwa nyuma, na picha iko mbele, kwa hiyo unasimamisha kioo mbele ya televisheni, unachungulia picha humo huku mikono iko nyuma inazungusha. Fundi mwanamume akitoa kioo, watu husema anajua kazi. Mimi nikitoa kioo, mwenye nyumba humwita mke wake, "Njoo umwone fundi anajipodoa." Nilizoea. Wakati mwingine nilijipodoa kweli, ili wasiwe wamesema uongo.

Rangi nilifundishwa baadaye, na hapa lazima nieleze vizuri kwa sababu kisa chote kimesimama juu yake. Mzee Swalehe ujanani alifanya kazi Unguja. Hili huwa hamliamini, lakini ni kweli: Unguja walikuwa wanatazama televisheni ya rangi miaka ambayo sisi bara tulikuwa tunatazama redio. Huko ndiko alikojifunza. Alinieleza kwamba ndani ya shingo ya ile chupa kuna bunduki tatu, na kwamba ndivyo mafundi wanavyoziita duniani kote. Moja inapiga unga mwekundu uliopakwa ndani ya kioo, moja kijani, moja bluu. Hakuna bunduki ya njano. "Njano ni umbeya," alisema. "Nyekundu na kijani wakikaa pamoja, macho yako yanasema njano."

Tena aliniambia waliovumbua televisheni ya rangi walisumbuliwa na nyekundu kuliko zote. Kijani iling'aa, bluu iling'aa, nyekundu ikawa hafifu kama chai ya msibani. Ikabidi wazififishe zile mbili nyingine ili zilingane na mgonjwa, mpaka walipopata aina fulani ya madini adimu, ndipo nyekundu ikawaka. "Wangeniuliza mimi," alisema Mzee Swalehe, "ningewapeleka Kondoa. Nyekundu tunaikanyaga bure kwenye udongo. Na kule mapangoni kuna picha nyekundu juu ya mawe, zimechorwa na watu ambao hata majina yao hatujui. Hazijafifia, na hazijawahi kuletwa kwa fundi." Alisema hivyo akijivuna, utadhani alizichora yeye.

Basi, nikaanza kutumwa nje. Kazi moja ya Chemba siisahau. Mfanyabiashara wa ng'ombe alituita kwa sababu televisheni yake imeota doa la zambarau upande mmoja wa juu. Msoma habari akikaa pale anakuwa na shavu moja la zambarau. Mwenye nyumba alikuwa na hakika ni uchawi wa jirani yake, na alishamnunia tangu mavuno. Nilipofika nikakuta juu ya televisheni pamewekwa spika la honi, lile kubwa analotangazia mnadani. Ndani ya spika kuna sumaku, na sumaku huvuta zile rangi zikakosea njia. Nikaliondoa spika. Nikachukua koili yangu ya kuondoa sumaku, duara la waya unaopitisha umeme, nikaanza kulizungusha polepole mbele ya kioo huku nikirudi kinyumenyume, maana ndivyo inavyofanywa. Doa likaanza kukimbia. Nikasikia nyuma yangu mama mmoja ananong'ona, "Anamtoa."

Niliwaeleza habari ya sumaku, neno kwa neno. Waliitikia kwa heshima kubwa, kisha wakanipa jogoo mweusi. Nikamwambia mwenye nyumba akapatane na jirani. Akasema atapatana, ila baada ya kuondoka mimi, ili jirani asijue walimwita nani. Jogoo nilimpokea. Fundi hakatai jogoo.

Kukusanya televisheni kulianza kwa ile plastiki. Wakubwa kidogo wanaikumbuka: karatasi laini ya plastiki iliyokuwa inabandikwa juu ya kioo cha televisheni nyeusi na nyeupe ili iwe ya rangi. Juu bluu, katikati hudhurungi, chini kijani. Aliyeitengeneza aliwaza picha ya mbingu, watu na majani. Hakuwaza Dodoma, ambako majani tunayo miezi michache tu, wala hakuwaza msoma habari, ambaye alikuwa na paji la uso la bluu na tai ya kijani kila siku. Mteja mmoja alitaka kuitupa televisheni yake pamoja na plastiki yake. Nikaomba niichukue. Mzee Swalehe akaniuliza naipeleka wapi mbovu ile. Nikasema nyumbani. Akatikisa kichwa, akasema nimeshapata ugonjwa, na huu hauna harufu.

Toka hapo nilikuwa nawavizia wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikisikia mkokoteni unapita na mtu anaita, natoka mbio na mikono ya mafuta. Nimeokoa televisheni zenye vitufe vinavyolia kwa-kwa-kwa ukibadili stesheni, zenye miguu minne kama mbuzi, na moja ambayo kuku alikuwa ametagia. Mume wangu, ambaye ni mwalimu na mtu wa subira, alisema siku moja kwamba yeye alioa mke mmoja lakini analala na televisheni kumi na kitu. Nikamwambia ashukuru, nyingine hazisemi.

Ila ile niliyoitaka kuliko zote ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa Mnyamwezi.

Mzee Maganga alikuwa gadi wa treni, mstaafu. Kwa nyinyi mnaopanda treni ya umeme, gadi ndiye aliyekaa behewa la mwisho na filimbi na bendera mbili: nyekundu ya kuzuia, kijani ya kuruhusu. Treni nzima, na dereva wake, na wakubwa wake wa daraja la kwanza, haiondoki mpaka yeye apende. Mtu akishazoea kazi hiyo hawi mnyenyekevu tena. Alifika mlangoni mwa karakana mchana wa jua kali, akaita kwa salamu yetu, "Mbukwenyi, Wagogo! Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mimi, shikamoo."

"Marahaba. Mgogo? Basi televisheni yangu imeshaliwa na mlenda."

Hapo nikajua nimepata mtani. Nikamjibu kwa salamu yao, "Mwangaluka, mpagazi. Umeileta kichwani au umeniachia kazi ya ukoo wenu?"

Mnajua sisi na Wanyamwezi. Babu zao walipita Ugogo na misafara, mizigo mabegani, na babu zetu wakawatoza hongo ndipo wanywe maji. Wao wakatucheka kwa kuomba, sisi tukawacheka kwa kubeba, na toka hapo hakuna tusi kati yetu linaloumiza. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akachukua sufuria. Anaweza kukuambia mbele ya mkweo kwamba umezeeka vibaya. Na siku ya msiba, watu wote wakiwa wamenyong'onyea, mtani ndiye anayeruhusiwa kufanya vituko, kuvaa nguo za marehemu, kuzuia njia, kudai chake. Bila mtani, msiba una kilio tu.

Nilimfuata nyumbani kwake. Televisheni ilikuwa sebuleni, ya mbao ya kahawia, ina milango miwili na ufunguo, na juu yake kitambaa alichofuma mke wake, Mama Shija. Mzee Maganga alipewa na shemeji yake wa Unguja zamani, wakati huku bara hata mtambo wa kurushia hakuna. Akaileta Dodoma ndani ya behewa lake mwenyewe, na kila aliyeuliza aliambiwa ni kabati la vyombo. Miaka mingi ilikaa pale bila picha. Jumapili alikuwa anafungua milango, anawaonyesha wageni kioo cheusi. Watu walikuja, wakajitazama humo, wakarekebisha nywele, wakaondoka wameridhika. Matangazo yalipofika Dodoma hatimaye, yeye peke yake mtaani ndiye aliyekuwa tayari.

"Sasa itazame," aliniambia, akaiwasha.

Kulikuwa na mpira. Majani kijani, mbingu sawa, lakini watu walikuwa na nyuso za maiti. Mzee Maganga akaingia chumbani, akatoka na bendera yake nyekundu ya kazini, akaitandaza kando ya kioo. "Hii ndiyo nyekundu, fundi. Timu yangu inavaa hii. Hiyo iliyomo humo ndani ni nini?"

Iliyomo ilikuwa nyeusi. Na wapinzani wao, ambao huvaa njano, walikuwa kijani kitupu. Nikachukua kioo changu, nikazungusha kila kinachozungushwa, nikanusa. Hapakuwa na harufu. Bunduki nyekundu ilikuwa imechoka, basi. Huo ni uzee, na uzee hauna kipuri.

Nilimweleza njia moja iliyobaki. Unaipandishia bunduki moto kwenye uzi wake, kisha unaipiga shoti kali ya ghafla, ili utando uliozeeka uchubuke na sehemu mbichi itokee. Mzee Swalehe alinionyesha mara moja, akaniapisha niwe namwambia kila mteja ukweli: wakati mwingine bunduki inaamka. Wakati mwingine shingo nzima inakufa, na hiyo ndiyo buriani, maana chupa kama ile haitengenezwi tena popote.

Mzee Maganga aliikunja bendera yake polepole. "Acha," alisema. "Heri nusu shari kuliko shari kamili."

"Basi niuzie mimi, nikaitunze pamoja na wenzake."

"Nikuuzie? Mgogo ananunua siku hizi?" Akafunga milango ya televisheni, akaweka ufunguo mfukoni. "Utaichukua siku nitakayotolewa humu ndani nimelala. Tena uichukue kiutani, kwa nguvu, mbele ya watu. Ukiichukua kwa upole, nitarudi."

Tukaendelea hivyo miaka. Kila timu yake ikicheza nilipita. "Naona wachezaji wako wamevaa za msiba," namwambia. "Nani amefariki?" "Fundi wangu," ananijibu. Siku ya mechi na wale wa njano, alikuwa ameomba tangu asubuhi apate angalau kivuli cha nyekundu. Nikamwambia atoke nje kidogo, nimepata dawa. Nikabandika kwenye kioo karatasi ya plastiki nyekundu niliyoinunua kwa mpamba maharusi. Akarudi, akakaa, akawasha. Majani mekundu, mbingu nyekundu, timu zote mbili nyekundu, na refa mwekundu kuliko wote.

"Mgogo wewe!" alipiga kelele mpaka Mama Shija akatoka jikoni na mwiko. "Umeniwekea machinjio!" Lakini hakuibandua. Aliitazama mechi nzima namna ile, akidai kila bao ni la kwake kwa kuwa waliolifunga ni wekundu.

Nilimpenda mzee yule. Sikuwahi kumwambia, kwa sababu utani hauna mlango wa kupitishia neno kama hilo.

Mwaka jana, mvua zilipokwisha, akafariki. Nilipata habari nikiwa karakanani na pasi ya moto mkononi, mnakumbuka, ni nyinyi mlionipokonya pasi. Nililia njia nzima mpaka nyumbani kwake. Nilipofika kwa Mama Shija aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, nikakuta na jambo jingine. Mtoto wao mkubwa, Shija, alikuwa amekuja kutoka Dar es Salaam. Mtu mzuri, amesoma, ana haraka. Alishaamua mama atahamia kwake na nyumba itapangishwa, na mnunuzi wa vyuma chakavu aliambiwa aje mazishi yakiisha achukue "ile takataka ya sebuleni".

"Anasema kwake hakuna nafasi," Mama Shija aliniambia kwa sauti ya chini. "Sina nguvu ya kubishana na watoto, fundi. Leo si siku ya hayo. Lakini Baba Shija alikuwa akikaa pale kila jioni, mbele ya kioo kile. Wakiibeba kwenye mkokoteni, ndio nitajua ameondoka."

Kisha akaingiza mkono chini ya mto wake. Akanipa kofia ya gadi, filimbi, na zile bendera mbili.

Padri alipomaliza kuombea, vijana wakalinyanyua jeneza, wakaelekea mlangoni. Wakanikuta. Nimevaa kofia ya marehemu imenifunika nyusi, nimesimama katikati ya mlango, nimeinyoosha ile bendera nyekundu.

"Treni haiondoki," nikasema.

Shija akanikazia macho. "Mama, tafadhali. Tuna msiba hapa."

"Msiba ni wangu. Wewe ni abiria, tena umepandia Morogoro." Watu wakaanza kucheka, wale waliokuwa wanalia wakicheka huku wanalia. "Huyu mpagazi amenitukana miaka yote, leo anaondoka bila kuniaga. Behewa hili halitoki mpaka mzigo wangu uteremshwe."

"Mzigo gani?"

"Televisheni."

Uwanja mzima ukalipuka. Shija akageuka kumtazama baba yake mdogo, Mnyamwezi mzee aliyetoka Tabora, akitegemea msaada. Yule mzee akasema, "Mtani ana haki yake. Kubali, mwanangu, la sivyo tutazika kesho." Padri alikuwa anatazama viatu vyake, mabega yanatikisika.

"Aichukue," alisema Shija. "Ni mbovu ile."

"Siichukui. Inaletwa. Na inaletwa na Wanyamwezi, kwa mabega, mpaka Ipagala."

Vigelegele vilitoka kwenye mkeka wa akina mama. Shija alitazama kule, akamwona mama yake ameinua uso kwa mara ya kwanza tangu afike. "Nakubali," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa nyingine.

Nikaikunja nyekundu, nikainua kijani, nikatia filimbi mdomoni. Haikulia. Nilijaribu tena na tena. Mwishowe ikalia, nikasogea pembeni, nikampisha.

Televisheni ililetwa kesho yake. Shija na binamu zake wawili waliibeba kwa mti, wakiipumzisha kila penye kivuli, na nusu ya Chang'ombe nyuma yao inaimba. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye alikuja na mkokoteni wake mtupu, akajitolea kusaidia. Nikamkatalia. Ng'ombe akilipwa faini haletwi amepanda gari.

Siku ya kuanua matanga iliangukia siku ya mechi, nyekundu na njano. Mchana, baada ya watu kutawanyika, Mama Shija alikuja kwangu pamoja na Shija. Nilikuwa nimeshaunganisha king'amuzi kwa kijisanduku nilichokiunda mwenyewe, maana ile ya mbao haijui mambo ya kidijitali. Nikaiwasha. Ni yale yale, nyuso za maiti na jezi nyeusi.

Mama Shija alitoa kwenye mkoba wake bendera nyekundu, niliyokuwa nimemrudishia baada ya maziko. "Ipige," aliniambia.

Nikamweleza kama nilivyoapishwa: inaweza kuamka, inaweza kufa, na ikifa hakuna pa kuipeleka. Shija akasema, "Mama, si uiache tu kama alivyoiacha?"

"Baba yako alikuwa anaogopa isife," alisema Mama Shija. "Mimi nimeshazika. Ipige, fundi."

Nilifungua mgongo wake. Mikono hii imefungua televisheni nyingi kuliko sufuria, lakini siku ile bisibisi ilinitoroka mara mbili. Nikaipandishia bunduki nyekundu moto, nikasubiri, nikanusa. Nikapiga. Cheche ya bluu ilikimbia ndani ya shingo, na picha ikatoweka. Nikaacha moto wake hapo ulipo, kwa sababu Mzee Swalehe alisema aliyezimia haamshwi kwa kukimbiwa.

Kisha kioo kikaanza kupata joto, na picha ikarudi polepole. Nilikuwa nyuma ya televisheni, kwa hiyo vyote niliviona kwenye kioo changu cha kuchania nywele: uwanja, wachezaji, na pembeni yao Mama Shija amesimama kanyoosha ile bendera kwa mikono miwili. Nikaanza kuzungusha. Jezi zilikuwa nyeusi. Zikawa za rangi ya nyama kavu.

"Bado," alisema Mama Shija.

Zikawa rangi ya ukwaju.

"Bado."

Nikazungusha kidogo mno, kama mtu anayeonja chumvi. Nyuso za watu zikapata damu. Njano ikarudi kwa wapinzani. Na kumi na mmoja wale wakawaka uwanjani, wakafanana na bendera mpaka sikuona tena kitambaa kinaishia wapi na kioo kinaanzia wapi.

"Hapo," alisema. "Hapo, fundi. Usiguse."

Sikugusa. Sijagusa mpaka leo, na ndiyo sababu nanyi hamruhusiwi. Tuliketi watatu kwenye kochi, tukatazama. Walicheza vibaya. Walicheza vibaya kiasi kwamba nilianza kutunga maneno ya kumwambia Mzee Maganga, nikakumbuka. Bao likaingia, likaja na jingine, yote langoni kwao. Shija, ambaye ni wa njano tangu utotoni na baba yake alimwita msaliti kwa hilo, alikuwa anajibana asishangilie. Filimbi ya mwisho ilipolia, akasema kwa upole, "Pole, mama. Wamefungwa."

Mama Shija alikuwa anaikunja bendera juu ya magoti yake. Hakuwahi kuujali mpira maisha yake yote.

"Tumefungwa," alimrekebisha. "Lakini tumefungwa tukiwa wekundu."